Kikohozi cha Mavyaa

Kila binti wa mtaa wetu akijifungua, mamake huja kwangu kuniomba kitanda. Ni kitanda cha mtoto, cha mbao ya mvule, kina fito pande zote nne na upande mmoja huteremshwa. Fundi aliyekitengeneza alikuwa na banda lake nyuma ya soko la Kongowea. Kimeshalaza watoto wasiopungua kumi na hakijalegea hata ufito mmoja. Wanaokuja kukichukua hunisifu. Huniambia nilikuwa mwanamke wa kuona mbele, kwani zama zile, hapa Mjambere, nani aliyekuwa akimlaza mtoto mchanga kitandani pake peke yake? Mimi hucheka kidogo, nikawaambia chukueni tu, mtakirudisha mkimaliza. Wangejua kilivyoingia nyumbani mwangu, wasingekipitisha mlangoni mwao.

Basi nitasema. Nimekaa na neno hili muda wa kutosha, na aliyekuwa na haki ya kunikasirikia keshafariki.

Katikati ya miaka ya themanini nilijifungua binti yangu wa kwanza. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba vitatu na ukumbi, tukikaa watu watatu: mimi, mume wangu, na mavyaa, yaani mamake mume wangu. Mume wangu alifanya kazi bandarini kwa zamu, leo mchana kesho usiku. Mimi nilikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi moja ya mjini, na nilijiona. Wacha niseme kweli, nilijiona sana. Katika ukoo wetu hakukuwa na mwanamke aliyewahi kuvuka daraja la Nyali kila asubuhi na mkoba begani akenda kazini kwake, akarudi na mshahara wake.

Mavyaa alikuwa mjane, mwembamba, mtu wa maneno machache. Alikuwa akishona kofia za vito, na wanaume walizingoja miezi, maana mkono wake haukuwa na haraka. Asubuhi alikuwa akikohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, kama cha kila mwanamke aliyepuliza moto wa kuni maisha yake yote. Akishakohoa mara tatu, nne, akanywa kahawa ya tangawizi, basi, kimekwisha mpaka kesho yake. Nakitaja mapema kikohozi hiki kwa sababu ndicho nilichokuja kukishika.

Arobaini ilipokwisha nilibakiwa na siku chache za likizo, halafu nikarudi kazini. Mtoto alikuwa akilala nami, kama walalavyo watoto wote. Wiki ile ya kwanza nilisinzia mbele ya mashine nikaharibu barua mbili, mkubwa wetu akanitazama jicho la pembeni. Mavyaa aliniona nilivyorudi nimekunjamana, akaniambia nimwachie mtoto na chupa ya maziwa, alale naye yeye, nami nipumzike. Nikampa. Sikushurutishwa na mtu. Nililala kama gogo, na asubuhi nikamshukuru mpaka akacheka, akaniuliza shukrani za nini, kwani mtoto si wetu sote?

Ikawa ndiyo kawaida. Kitanda cha mavyaa kilikuwa cha kamba, kipana, chenye godoro la sufi, na mtoto alikuwa akilala upande wa ukutani, mkono wake umeshika leso ya nyanyake. Miezi ikapita. Mtoto akawa na harufu ya mavyaa, mafuta ya nazi na karafuu, na mvuje aliomfunga shingoni kumkinga na hasadi. Mimi nilikuwa nikimwogesha Jumapili kwa sabuni ya dukani, na kufika Jumatatu jioni harufu ile imesharudi.

Siku moja, mtoto amekaribia kutimiza mwaka, nilirudi kazini nikawakuta kibarazani na majirani wawili. Nikaweka mkoba chini, nikamnyoshea mikono. Mtoto alinitazama, akageuza uso akauficha shingoni mwa mavyaa. Jirani mmoja akasema haya, huyu leo hamjui mamake. Wakacheka, na mimi nikacheka, tena nilicheka kuwashinda. Kisha nikaenda uani nikachukua sufuria iliyokwisha oshwa nikaisugua kwa mchanga, nasugua na machozi yananitoka. Nilikuwa na wivu. Sina jina jingine la kuupa. Nilimwonea wivu mwanamke mzee aliyekuwa akinilelea mtoto bure.

Kitanda nilikiona kwa mke wa mkubwa wetu, tulipokwenda kumpa hongera ya uzazi. Mtoto wao alikuwa amelala ndani ya fito zake, kimya, hana anayemdai. Nikakisoma kile kitanda kwa macho, nikaenda kumweleza fundi wa Kongowea, naye akakitengeneza kizuri kuliko kile cha wenyewe. Siku kilipoletwa, mavyaa alikizunguka, akazipapasa fito moja moja, akasema kazi ni ya fundi hasa, haina kasoro. Halafu akauliza, kwa upole wake ule ule, mtoto amekosa nini hata afungwe?

Nilikiweka chumbani kwangu, nikatandika shuka. Ikifika jioni mavyaa humbeba mtoto akaenda naye kwake, kama jana na juzi, na kitanda kikabaki kitupu. Baada ya wiki mbili nilikuwa nikitia ndani yake nguo zinazongoja pasi. Nilimwambia mume wangu aseme na mamake. Akaniambia hayo ni yenu wanawake, akajifunika gubigubi.

Mtu wa siku hizi ataniuliza, kwani si ungemwambia tu kwamba wamtaka mwanao? Ah, hilo haliwezekani. Mimi mkaza mwana wake, nisimame mbele yake nimwambie nipe mtoto wangu, kana kwamba amemwiba? Ningelitoa neno hilo, mtaa mzima ungesema sikulelewa, na mamangu mzazi angeona haya kupita njiani. Adabu ilinizuia kusema kweli. Cha ajabu ni kwamba haikunizuia kusema uongo. Uongo ukiutia jina la daktari huwa ni adabu tupu.

Siku ya kliniki ilipofika niliomba ruhusa kazini nikampeleka mtoto mwenyewe. Nesi alimpima, akasema uzito mzuri, nimpe mayai na ndizi za kuponda, niende zangu. Hakuniuliza mtoto analala wapi. Hakuniuliza nakaa na nani. Nilirudi njia nzima nikipanga maneno, tena nikiyapanga kwa ustadi, kama mtu anayepiga barua asitake kufuta hata herufi moja.

Mavyaa nilimkuta ukumbini anashona. Nikaketi, nikamwamkia, akauliza habari za huko. Nikamwambia uzito ni mzuri, alhamdulillahi. Kisha nikanyamaza, nikajifanya nasitasita, mpaka yeye mwenyewe akaniuliza kuna nini.

"Nesi ameuliza mtoto analala na nani," nikasema. "Nikamwambia na nyanyake. Akauliza nyanyake ana kikohozi? Mimi sikuweza kusema uongo, mama."

Sikuweza kusema uongo! Nilisema maneno hayo hayo, na uso mkavu.

Mavyaa aliichomeka sindano kwenye kitambaa. "Akasemaje?"

"Akasema mtu mzima mwenye kikohozi cha siku nyingi asilale na mtoto. Huenda ikawa ni kifua."

Zama zile ukisema kifua hivi, bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni kifua kikuu, na mwenye nacho hupishwa njiani. Nilikuwa nimengoja abishe. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira, kwa kwikwi, hata kwa kumwitia mwanawe. Yeye alimtazama tu mtoto aliyekuwa akitambaa karibu na mguu wake, kisha akauvuta mguu taratibu asiguswe.

"Basi amesema kweli," akasema. "Wao ndio wenye ilimu."

Jioni ile alikitandika kile kitanda yeye mwenyewe. Alitoa nguo zangu za pasi akazikunja, akaeneza kipande cha mpira na shuka juu yake, akafunga mvuje kwenye ufito wa upande wa kichwa. Aliniletea leso yake moja, akaniambia ameifua kwa maji ya moto na kuianika juani mpaka ikakauka, nimfunike nayo mtoto ili asikie harufu aliyoizoea. Alipotoka niliikunja nikaitia kabatini. Leso yenyewe imefuliwa, haina hata harufu, na bado sikuitaka kitandani mle.

Mtoto alilia siku tatu. Alisimama ameshika fito akilia kuelekea mlangoni, na kila nikimwinua alikuwa akinisukuma. Mavyaa alikuwa ameketi ukumbini, nyuma ya mlango, hakuingia. Mume wangu alitaka kumrudisha kwa nyanyake tukalale, na mavyaa ndiye aliyemkataza. Siku ya nne mtoto akalala. Nikatia mkono wangu kati ya fito akakishika kidole changu, nikasema moyoni, haya, sasa umekuwa wangu. Nilifurahi. Sitadanganya na hapa pia. Furaha ile niliipata, na ilidumu siku mbili au tatu.

Nisilolipima ni kwamba mavyaa angeuchukua uongo wangu na kuufuata mpaka mwisho wake. Mimi nilitaka tu alale peke yake. Yeye alijitenga. Alichagua kikombe kimoja cha bati, cha buluu, kilichomeguka rangi mdomoni, akasema hicho ni chake, asikinywee mtu. Sahani yake akaiosha mbali, kwa maji ya moto. Aliacha kumbusu mtoto. Aliacha kumpozea uji kwa kuupuliza. Mtoto alipoanza kutembea, hatua zake zilikuwa zikielekea kwa nyanyake, naye humwekea kiganja mbele akamwambia, "Hapo hapo, bibiye, hapo hapo panatosha." Akifika karibu zaidi alikuwa akijiziba mdomo kwa leso na kugeuka upande. Mtoto alidhani ni mchezo, akajifunza naye kujiziba mdomo kila akimwona.

Niliyaona yote. Kila siku nilisema kesho nitamwambia kwamba nesi amebadili maneno, au nimesikia vibaya, au dawa mpya imetoka. Husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi hata kidogo, nilikuwa nikiitembea kila nikitoka chumbani nikakiona kile kikombe dirishani peke yake.

Majirani nao wana macho. Mavyaa hakwenda tena maulidini, harusini akatuma salamu tu. Mmoja akanivuta pembeni penye mfereji wa maji akaniuliza kwa sauti ya chini, ati mzee wenu ana kifua? Hapo palikuwa mahali pa kusema hapana. Neno moja. Nikasema, sijui, ndivyo walivyosema hospitali. Haikupita wiki, mtu aliyekuwa ameagiza kofia akatuma ujumbe kwamba ameshapata nyingine. Kisha na wa pili. Mavyaa aliendelea kushona, akazipanga kofia kwenye kikapu, zikawa nyingi.

Kisha, pasi na kumwambia mtu, akaenda hospitali. Alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza alipewa kikopo cha makohozi, mara ya pili akapigwa picha ya kifua, mara ya tatu akangoja majibu kwenye benchi tangu asubuhi mpaka alasiri. Mimi sikujua lolote. Nilirudi kazini nikamkuta ananingoja ukumbini amevaa buibui lake, hajalivua, na karatasi mkononi. Mavyaa alikuwa akisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, vizuri kuliko mumewe marehemu, lakini hizi za Kizungu hakuzijua. Alikuwa ameibeba karatasi ile tangu hospitali bila kumwonyesha mtu mwingine, kwa kuwa nyumbani ana mkwe msomi.

"Nisomee, mwanangu. Nisomee yote."

Nikaisoma. Ilikuwa mistari mitatu, imepigwa taipu. Kifua kisafi, makohozi hayana kitu.

"Kifua chako ni kisafi, mama," nikamwambia. "Huna ugonjwa wowote."

Nilidhani Mungu amenifungulia mlango, nitatoka bila kujulikana. Lakini uso wa mavyaa haukuchangamka.

"Yule nesi alisema kifua," akasema.

"Nesi hakuwa na mashine, mama. Hii ndiyo ya kweli. Wallahi—"

Akanishika mkono upesi. Ilikuwa mara ya kwanza kunigusa tangu siku ile. "Usiape," akasema. "Usijitie dhambini kwa ajili yangu. Najua una huruma, hutaki nivunjike moyo."

Nimelirudia jambo hili mara nyingi nikitafuta wapi ningeponea. Kweli niliyokuwa nimeishika mkononi, imeandikwa na kupigwa muhuri, hakuiamini, na uongo wangu usio na karatasi ameuamini. Kwani mimi ni mtu wa kumdanganya? Nani angetunga neno kama lile juu ya mamake mumewe? Ilibaki njia moja tu, nimwambie nesi hakusema kitu, ni mimi. Maneno manne au matano. Nikakunja karatasi nikamrudishia. Aliitia ndani ya msahafu wake, akaenda kuvua buibui, na jioni akanywa chai kwa kikombe chake cha buluu.

Ikaendelea hivyo miaka mitatu. Miaka ya tisini ilipoingia nilikuwa na mimba ya pili, na mavyaa akasema anahamia Likoni kwa binti yake, wifi yangu, ambaye watoto wake walikuwa wamekwisha kuwa wakubwa. Sababu hakuificha. Alisema mmoja Mungu amemnusuru, na yeye hataki kumjaribu Mungu kwa wa pili. Mume wangu alimsihi. Mimi pia nilimsihi, tena kwa machozi ya kweli, na kila nilivyomsihi ndivyo alivyozidi kuniona mwema.

Siku ya kuondoka ilikuwa Ijumaa, watu wameshatoka msikitini. Mume wangu alikuwa nje anapakia mizigo kwenye gari la kukodi. Mavyaa akaniita chumbani kwake, akaketi ukingoni mwa kitanda cha kamba kilichokwisha tolewa godoro, upande wa dirishani, mbali nami. Nilijua anataka nini. Kwetu mtu akihama nyumba aliyokaa na watu huomba radhi, na mwenye kuombwa huitoa, naye akaomba yake. Ni ada tu, maneno yenyewe hata watoto wanayajua.

Lakini yeye hakuyasema kwa ada.

"Mwanangu," akasema, "kama nimemdhuru mtoto wako kwa kulala naye siku zile zote, sikujua. Wallahi sikujua. Niwie radhi."

Nikataka kumwambia lile neno la kweli. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kisha nikafikiri, nikilisema sasa atamwambia mwanawe, na wifi yangu atajua, na kabla ya magharibi Mjambere nzima itajua, na mimi nitauweka wapi uso wangu. Nilimfikiria kila mtu siku ile, isipokuwa aliyekuwa ameketi mbele yangu.

"Nimekuwia radhi, mama," nikamwambia. "Duniani na akhera."

Alinishukuru. Alishusha pumzi akafuta macho kwa ncha ya leso, akanishukuru kwa kumsamehe. Nami, maana ndivyo ilivyo ada, nikamwomba yangu, kama kuna nililomkosea. Akanitazama akastaajabu.

"Wewe?" akasema. "Wewe ulikuwa ukimlinda mtoto wako."

Binti yangu alimsindikiza mpaka garini. Mavyaa alijiziba mdomo kwa leso akampungia mkono, na mtoto naye akajiziba mdomo kwa kiganja akampungia.

Alifariki Likoni mwaka wa tatu tangu ahame, kwa maradhi ya sukari. Siku ya tatu ya matanga tulikuwa tukipanga vitu vyake, mimi na wifi yangu. Msahafu ukachukuliwa na mume wangu, na karatasi bado imo ndani yake, hakuna aliyeiuliza. Kofia zikagawiwa. Kikombe cha buluu kilikuwa dirishani. Wifi yangu alikichukua kwa kipande cha gazeti, asikiguse kwa mkono, akakipeleka uani akakiponda kwa jiwe na kukifukia, asije mtoto wa mtu akakinywea. Nilikuwa nimesimama kando yake, nimembeba mwanangu wa pili, na nilimwacha akifukie.